Nimemsamehe mdogo wangu lakini simwamini tena. Je, nimekosa upendo?

Swali: Miaka mitatu iliyopita mdogo wangu wa kiume aliniomba akiba niliyokuwa nimeweka kwa ajili ya masomo ya watoto. Alisema ni mtaji, na kwamba angerudisha kabla ya mwaka kwisha. Hakurudisha. Baadaye nikagundua hapakuwa na biashara yoyote, na nilipomuuliza akaenda kuwaambia ndugu zetu kwamba namdhalilisha kwa ajili ya fedha. Nililia, nikaomba, na kwa neema ya Mungu nikamsamehe. Sasa amerudi anataka nimkopeshe tena. Nimekataa. Mama ananiambia, "Wewe unajiita umeokoka, na Biblia inasema upendo huamini yote." Viongozi wa kikundi chetu cha maombi nao wanasema nimtumaini Mungu, nitoe. Nakiri pia kwamba kwa uchungu niliwasimulia wanakikundi madeni yake mengine aliyonieleza kwa siri. Tangu hapo nimeacha kushiriki Meza ya Bwana, kwa sababu moyo wangu unanishitaki. Je, nimemsamehe kweli? Na kumtumaini Mungu ni lazima nimwamini na yeye?

Jibu:

Dada yangu mpendwa,

Nianze na lile linalokuumiza zaidi, mengine yatafuata polepole. Inawezekana kabisa ukawa umemsamehe mdogo wako, unampenda, unamtakia mema, na bado usimkabidhi fedha zako. Hakuna unafiki hapo. Msamaha ulikuwa mikononi mwako, nawe umeutoa. Kuaminika kuko mikononi mwake, na kwa jinsi ulivyoeleza, hiyo kazi bado hajaianza. Waliokuambia kwamba mambo haya mawili ni kitu kimoja naamini walikutakia heri, lakini wamekutwika mzigo ambao Maandiko hayakutwiki.

Nadhani lugha yetu nayo inachangia kutuchanganya. Kuamini, imani, uaminifu, amana, amani: maneno yote haya yametoka shina moja. Mtu akikuambia "kuwa na imani", hujui mara moja kama anasema habari za Mungu au za mdogo wako. Nawe ukisema "sina imani naye", unajisikia kama umetamka kwamba imani yako yenyewe imepungua, kana kwamba wokovu wako una dosari. Tafadhali yatenganishe hayo moyoni mwako tangu leo. Kuwa na shaka na ahadi ya mtu aliyekwisha kukudanganya hakupunguzi chochote katika imani yako kwa Mungu.

Sasa lile neno la mama. Ni kweli, Paulo aliandika kwamba upendo "huamini yote". Lakini usilisome peke yake. Maneno yanayolitangulia, katika sentensi hiyo hiyo ya 1 Wakorintho 13, yanasema kwamba upendo "haufurahii udhalimu, bali hufurahi pamoja na kweli". Upendo unaofurahi pamoja na kweli hauwezi kulazimishwa kusadiki uongo unaojulikana kuwa uongo. Ninavyoelewa mimi, Paulo anasema upendo hauharakishi kumdhania mtu mabaya, wala haumkatii tamaa hata akianguka mara nyingi. Ndiyo maana mara moja baada ya "huamini yote" anaongeza "hutumaini yote". Wewe unaweza kutumaini kwa moyo wote kwamba mdogo wako atabadilika, ukaliombea hilo kila siku, na huku ukijua kwamba leo hajabadilika.

Tena mtazame Bwana Yesu mwenyewe. Katika Yohana sura ya 2 watu wengi walimwamini walipoziona ishara zake, kisha Yohana anaandika: "Lakini Yesu hakujiaminisha kwao, kwa kuwa yeye aliwajua wote." Katika Kigiriki, kitenzi kinachosema kwamba watu walimwamini ndicho hicho hicho kinachosema kwamba yeye hakujiaminisha kwao. Hakuna aliyewapenda watu wale kuliko yeye, maana aliwafia. Lakini kuwapenda hakukumfanya ajiweke mikononi mwa kila aliyemshangilia. Ukiambiwa tena kwamba upendo hauweki mipaka, ukumbuke mstari huo.

Kuna barua moja ambayo ningependa uisome yote kwa kituo kimoja, kwa sababu ndani yake mambo unayoyauliza yamekaa pamoja kana kwamba iliandikwa kwa ajili yako. Ni waraka wa pili wa Paulo kwa Timotheo. Paulo yuko kifungoni, anajua kifo kiko karibu, na watu wengi wamemkimbia. Sasa angalia jinsi anavyowatendea watu watatu tofauti katika sura ya 4 peke yake.

Wapo wale walioogopa wakamwacha siku ya kesi yake. Juu yao anasema, "Naomba wasihesabiwe hatia." Huo ni msamaha mtupu, bila sharti, na wala haelezi kwamba walikuja kuomba radhi. Yupo mfua shaba aliyemtendea mabaya mengi. Huyo Paulo hajilipizii kisasi. Anasema Bwana ndiye atakayemlipa sawasawa na matendo yake. Lakini anamwambia Timotheo waziwazi ajihadhari naye. Kusamehe hakukumfunga kinywa asitoe onyo pale palipokuwa na hatari ya kweli. Kisha yupo Marko. Huyu kijana aliwahi kuwaacha Paulo na Barnaba katikati ya safari, kule Pamfilia, na Barnaba alipotaka kumchukua tena safari iliyofuata, Paulo alikataa. Walishindana hata wakatengana, kama tunavyosoma katika Matendo 15. Miaka ikapita. Sasa, katika barua ya mwisho, mzee huyu aliyefungwa minyororo anaagiza, "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi."

Mtume yule yule, moyo ule ule, na watu watatu amewaweka mahali patatu. Angekuwa na kanuni moja tu ya "upendo huamini yote" kwa namna wanavyoielewa wengi, angemwita yule mfua shaba pamoja na Marko. Na angekuwa na uchungu, asingemwita hata Marko. Napenda sana kwamba Biblia haikutuficha lile "hapana" la kwanza la Paulo kwa Marko. Halikuwa neno la mwisho. Lako nalo si lazima liwe la mwisho.

Na katika barua hiyo hiyo, mwanzoni kabisa, ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Paulo anasema: "Namjua yeye niliyemwamini, na kusadiki ya kwamba yeye aweza kukilinda kile nilichokiweka amana kwake hata siku ile." Amana ni kitu unachomkabidhi mtu akutunzie, ukijua utakikuta. Paulo aliweka amana yake mahali pamoja tu. Jina lake, kazi yake, haki yake iliyovunjwa, vyote alikuwa amevikabidhi kwa Mungu. Kwa hiyo alipoachwa na watu aliumia, lakini hakufilisika.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa kuwa naona ndicho kiini cha barua yako. Umeambiwa, "Mtumaini Mungu, utoe," kana kwamba kumtumaini Mungu ni njia ya kumwamini mdogo wako kwa kuzunguka nyuma. Mimi naliona kinyume chake. Kumtumaini Mungu ndiko kunakokuwezesha kumpenda mtu ambaye bado humwamini. Asiye na mahali pa kuweka amana yake hana ila njia mbili akishaumizwa: ama ajifungie, asimpende mtu tena, ama ajitupe tena mikononi mwa yule yule kwa kuogopa kupoteza undugu. Petro anaeleza njia ya tatu aliyoiona kwa Bwana wake: alipotukanwa hakurudisha matukano, "bali alijikabidhi kwake yeye ahukumuye kwa haki." Umeona alijikabidhi kwa nani? Hakujikabidhi kwa waliomtukana. Alijikabidhi kwa Baba, na kwa sababu hiyo aliweza kuwaombea hao waliomtukana.

Ndugu zako wamesikia upande mmoja wa habari. Jina lako limechafuliwa kidogo. Fedha za watoto zimepotea. Hayo matatu ni mazito, wala sitakuambia si kitu. Lakini ndiyo hasa ya kuyaweka amana kwa Mungu, moja moja kwa jina lake, ukiwa peke yako, kwa sauti ikibidi. "Bwana, jina langu kwa Mama na ndugu zangu liko kwako. Masomo ya watoto yako kwako." Na ukiisha kuyaweka huko, hutakuwa tena unamwendea mdogo wako ukitafuta akurudishie yale ambayo yeye hana uwezo wa kukurudishia.

Kuhusu viongozi wa kikundi, nitasema kwa heshima. Kutoa kwa imani ni jambo tukufu, na Mungu huwaita watu wake kutoa hata pale ambapo hesabu za kibinadamu hazikubali. Ila mwito huo huja moyoni mwa anayetoa. Kumsukuma mtu mwingine atoe, kisha kuliita hilo imani yake, ni jambo jingine. Bwana Yesu aliposimamishwa na Ibilisi juu ya kinara cha hekalu alisomewa naye Zaburi, tena mstari wa kweli, unaoahidi ulinzi wa malaika. Alijibu kwamba imeandikwa, usimjaribu Bwana Mungu wako. Silinganishi viongozi wako na mjaribu yule. Nasema tu kwamba ahadi ya kweli inaweza kutumika mahali pasipo pake, na ndiyo maana huna hatia kwa kusema hapana.

Umeuliza, nimemsamehe kweli? Swali hili ninalisikia mara nyingi katika ushauri, na karibu kila mara anayeliuliza ni mtu aliyesamehe kweli lakini anaona maumivu yamerudi. Niliwahi kupita hapo mwenyewe. Rafiki niliyempenda alitoa siri yangu, nikamsamehe, na kwa muda mrefu nikaamini kwamba msamaha wangu ulikuwa bandia kwa sababu sikumwambia siri nyingine tena. Nilijipima kwa kipimo kisicho sahihi. Siku moja nikasikia amepata jambo jema alilolitamani kwa miaka, nikajikuta nafurahi bila kujilazimisha. Hapo nikatambua kwamba msamaha ulikuwamo muda wote. Kilichokuwa kimeondoka ni ule ukaribu wa zamani, na huo ulihitaji njia yake.

Kwa hiyo usijipime kwa fedha. Jiulize: akipata kazi nzuri kesho, utafurahi? Unaweza kumtaja kwa jina katika maombi bila kumshitaki? Umeacha kutafuta ushahidi mpya wa ubaya wake? Paulo anasema upendo "hauhesabu mabaya", na neno alilotumia lilikuwa la watu wa mahesabu, la kuandika katika daftari nani anadaiwa nini. Kusamehe ni kulifunga daftari hilo. Kumbukumbu zitarudi, na kila zinaporudi utalifunga tena. Petro alipouliza kama inatosha kusamehe mara saba, akajibiwa "saba mara sabini", mimi hudhani sehemu kubwa ya hesabu hiyo huishia kwenye kosa moja lililotendwa mara moja na kukumbukwa mara mia nne.

Na usiwaruhusu watu wakuambie kwamba lilikuwa jambo dogo. Katika mfano alioutoa Yesu baada ya swali hilo la Petro, mtumwa mmoja alisamehewa talanta 10,000, kisha akamkaba koo mwenzake aliyekuwa na deni la dinari 100. Tumezoea kuhubiri kana kwamba zile dinari 100 ni visenti tu. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima, kama tunavyoona katika mfano wa shamba la mizabibu. Mia ni zaidi ya miezi mitatu ya kazi. Yesu hakulidharau deni lile. Alikiri kwamba ni deni kweli, linaloumiza, halafu akaliweka kando ya lile jingine: talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, kwa hiyo zile 10,000 zinafika ujira wa siku milioni 60, ambao hakuna mtumwa angeishi kuumaliza. Tunasamehe madeni makubwa kwa sababu tumesamehewa lisilolipika. Hatuambiwi tujifanye hatukuibiwa.

Kosa na deni navyo ni vitu viwili. Unaweza kulisamehe kosa na bado ukamwacha mdogo wako alipe deni, kidogo kidogo, kwa sababu kulipa kunamjenga yeye. Zakayo alipookoka aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu, na Bwana hakumwambia acha, umeshasamehewa. Alisema wokovu umefika katika nyumba ile. Au unaweza kulifuta deni pia, ukiona hana uwezo nalo linamfanya akukimbie. Vyote viwili vinaruhusiwa. Kisichofaa ni kusema umelifuta huku unalitaja kila mnapokosana. Amua, kisha mwambie umeamua lipi.

Kama unataka kuona upendo wa namna hii ukitembea kwa miguu, rudi kwa Yusufu. Aliuzwa na kaka zake akiwa na miaka 17, kwa vipande 20 vya fedha. Alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30. Ikapita miaka 7 ya shibe na miwili ya njaa kabla hajajitambulisha kwao. Yaani kama miaka 22. Je, hakuwa amesamehe muda wote huo? Mtoto wake wa kwanza alimwita Manase, akisema Mungu amemsahaulisha taabu yake na nyumba ya baba yake, na hilo lilikuwa kabla ya njaa kuanza, kabla hajawaona tena. Moyo ulikuwa umeshapona. Lakini walipofika kununua nafaka hakujitupa shingoni mwao siku ile. Alizungumza nao kwa mkalimani. Alimshika Simeoni. Akawataka wamlete Benyamini, mtoto wa mama yake, maana walioweza kumuuza yeye wangeweza kumfanyia vivyo hivyo mdogo wake.

Watu wengine huona kwamba Yusufu alikuwa analipiza. Mimi siamini hivyo, kwa sababu mbili. Ya kwanza, tangu safari ile ya kwanza aliwajazia magunia na kuwarudishia fedha zao kisirisiri. Aliwalisha kabla hajawaamini. Ya pili, alilia. Alijitenga akalia, akarudi, akajitenga tena akalia. Mtu anayelipiza hajifichi kulia. Alikuwa anatafuta kujua kama ndugu zake bado ni wale wale. Na jibu likaja kutoka kwa Yuda, yule yule aliyetoa wazo la kumuuza. Benyamini alipokamatwa, Yuda alisimama akaomba abaki yeye mtumwa badala ya kijana. Hapo Yusufu hakuweza kujizuia tena.

Chukua kutoka hapo jambo hili moja kwa ajili ya mdogo wako: chakula kilikuja kwanza, ukweli ukafuata, ukaribu ukaja mwisho. Hata Bwana Yesu alimfanyia Petro vivyo hivyo baada ya kumkana mara tatu. Alimwandalia chakula ufuoni, juu ya moto wa makaa, wakala; walipokwisha kula ndipo akamuuliza mara tatu kama anampenda, na ndani ya maswali yale akamkabidhi kondoo wake.

Kwa hiyo sikushauri umkwepe mdogo wako. Mkaribishe. Kaeni mle pamoja, ucheke naye, uulize habari za wanawe kama anao. Ukiona njaa nyumbani kwake, peleka chakula. Mtoto akiugua, lipa moja kwa moja mahali pa matibabu. Katika Wagalatia 6 Paulo anasema tuchukuliane mizigo, na mistari mitatu baadaye anasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Hajipingi. Kuna uzito unaomponda mtu, huo tunashikana. Na kuna furushi la kila mtu, kazi yake na ahadi zake mwenyewe, ambalo ukimbebea hatajifunza kusimama. Mtaji wa biashara ambayo haikuwapo ni furushi lake.

Bwana alisema pia tukopeshe bila kutumaini kupata malipo, na najua mstari huo utaletewa. Unautii vizuri zaidi ukitoa zawadi ndogo unayoweza kuikosa kuliko ukitoa mkopo mkubwa ambao moyoni unausubiri kila mwezi. Paulo alipochangisha kwa ajili ya wahitaji aliwaambia Wakorintho kwamba mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, na kwamba hakusudii wengine wapate raha na wao wapate dhiki. Akiba ya masomo ya watoto una wajibu nayo pia.

Siku ya kuzungumza naye, mwende wawili peke yenu, kama Mathayo 18:15 inavyoagiza, bila Mama kuwa hakimu. Mwambie maneno machache: "Mdogo wangu, nakupenda, wala undugu wetu hautegemei fedha. Nimekusamehe. Sitakukopesha, kwa sababu mara ya kwanza hukuniambia kweli, na hilo bado hatujalimaliza mimi na wewe. Nikuone ukilimaliza, nitafurahi kuliko mtu yeyote." Halafu nyamaza, umsikilize. Akikasirika, usibishane naye.

Utajuaje kwamba uaminifu umeanza kuota? Si kwa machozi, ingawa usiyadharau. Utaona anasema ukweli kabla hajaulizwa. Utaona anawarudia wale ndugu aliowaambia habari za uongo na kuisahihisha. Utaona anatimiza lililo dogo, maana Bwana alisema aliye mwaminifu katika lililo dogo sana huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia. Ukiyaona hayo, nawe umkabidhi dogo. Usiendelee kumwonyesha kisogo wakati yeye amekwisha kugeuka. Hilo nalo litakuwa dhambi, na linatupata sana sisi tuliokosewa, kwa kuwa nafasi ya aliyekosewa ina heshima yake na mtu huizoea.

Mama mweleze kwa upole, tena mara moja tu: "Mama, sijamkataa mwanao. Nyumba yangu ni yake." Usimwekee kesi yote mbele yake. Mzazi anayeona watoto wake wametengana anaumwa mahali ambapo hoja haziponyi.

(Mwingine anayesoma jibu hili huenda hali yake si ya fedha: anapigwa, anatishiwa, au mtoto wake anaguswa vibaya. Kwako sisemi habari za chakula wala mazungumzo ya watu wawili. Ondoka mahali penye hatari na uwaambie wenye mamlaka. Msamaha utakuja kwa wakati wake, nao hautakutaka urudi kuumizwa.)

Sasa Meza ya Bwana. Nafikiri umeyachanganya maandiko mawili. Katika Marko 11:25 Bwana anasema, msimamapo na kusali, sameheni, mkiwa na neno juu ya mtu. Hapo wewe ndiye uliyekosewa, na unaambiwa usamehe pale pale uliposimama. Huhitaji kungoja mdogo wako atubu, wala deni lilipwe, wala uweze kumwamini. Hilo umelifanya. Lakini katika Mathayo 5:23 anasema, ukileta sadaka yako madhabahuni na huko ukakumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache, uende ukapatane naye kwanza. Hapo wewe ndiye uliyemkosea.

Na mdogo wako ana neno juu yako. Alikueleza madeni yake kwa siri, ukayatoa hadharani kwenye kikundi, katika vazi la ombi la maombi. Naamini ndilo moyo wako unalokushitaki, wala si kukataa kwako kumkopesha. Roho Mtakatifu huonyesha jambo mahususi. Ile hofu ya jumla jumla kwamba "huna upendo" haitoki kwake.

Mpigie simu juma hili, kabla ya mazungumzo yale mengine, na usiyachanganye. Usitaje akiba. Usiseme "nilikosa, lakini na wewe". Mwambie ulichosema, uliwaambia akina nani, na kwamba ulikosa, umwombe msamaha. Kisha urudi kwenye kikundi ukawaambie kwamba hukupaswa kuyasema yale, na uwaombe wasiyapeleke mbele. Anaweza kukusamehe, anaweza kukata simu. Kwa vyovyote utakuwa umekwenda, kama Bwana alivyosema uende, na Jumapili Meza ikiandaliwa usibaki kwenye kiti.